Picha za Kifaransa Zisiondolewe Ukumbini

Chama chetu cha Sinema kilikutana wiki mbili zilizopita, na katika mkutano huo lilitolewa shauri kwamba Jumamosi ya picha za Kifaransa iondolewe, na mahali pake ziwekwe picha za vita na za mbio za magari, kwa kuwa ndizo zinazojaza ukumbi. Kura haijapigwa bado. Itapigwa mwanzo wa muhula ujao, na kila mwanachama aliyelipa ada yake atakuwa na haki ya kunyosha mkono. Muhula huo ni wa mwisho kwangu hapa shuleni, kwa hiyo siandiki kwa faida yangu mwenyewe. Naandika kwa sababu naona twataka kukitupa kitu ambacho wengi wetu hawajakitazama hata mara moja, na kwa sababu Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili amekubali kunipa nafasi kubwa, jambo asilolifanya mara nyingi.

Kwanza nieleze ni picha gani ninazozitetea. Sisemi picha zote za Kifaransa, maana nyingine zimenilaza usingizi kama zilivyowalaza wengine. Nasema zile picha ndogo za mapenzi na kuchekesha zilizotengenezwa baada ya vita vile vikuu vya pili mpaka mwanzo wa miaka ya 1960, nyingi zao nyeusi na nyeupe, ambazo sijapata kuziona katika kibanda chochote cha video hapa Kampala. Katika picha hizo hapana bunduki, hapana mtu anayeruka kutoka katika helikopta, wala mwisho wake dunia haiokolewi na mtu yeyote. Kinachotafutwa ni kitu kama tikiti, au kizibao, au mahali pa kulala. Na hapo ndipo utamu wake ulipo, ijapokuwa wenzangu wengi hudhani kwamba hapo ndipo ulipo upungufu wake.

Chukueni mathalani Antoine et Antoinette, picha ya mwaka 1947 iliyotengenezwa na Jacques Becker. Antoine ni kijana afanyaye kazi katika kiwanda cha kupiga chapa. Antoinette, mkewe, ni mfanyakazi wa duka kubwa mjini Paris. Wakaa katika makao madogo juu kabisa ya nyumba ya kupanga, na majirani husikia kila neno lao. Mwenye duka la vyakula wa mtaani, mtu mwenye fedha na mwenye kujiona, anamtaka Antoinette, wala hafichi. Basi katika maisha hayo inaingia tikiti moja ya bahati nasibu, tikiti inashinda, na Antoine, akiwa njiani kwenda kuchukua fedha, anapoteza pochi yake. Hayo ndiyo yote. Mwisho wake sitautaja, kwa ajili ya wale watakaokuja kuitazama.

Mtu akisikia hadithi hiyo huuliza, "Sasa hapo kuna nini?" Kuna mambo mengi, lakini yataka uyatazame. Tikiti haianzi kuwa jambo kubwa mpaka picha imekwenda mbali. Kabla ya hapo twawaona watu wale wakirudi kazini wamechoka, wakila, wakizozana kidogo, wakipatana, wakisalimiana na majirani ngazini. Wakati tikiti inapopotea, sisi tumekwisha kuwa wapangaji wa nyumba ile, na pochi iliyopotea ni kama pochi yetu. Tena kumbukeni ulikuwa mwaka gani. Vita vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu, na Wafaransa walikuwa bado wakigawiwa vyakula kwa kadi, jambo lililoendelea mpaka 1949. Mwenye duka la vyakula katika mwaka kama huo hakuwa mtu mdogo, na mume maskini alikuwa na sababu ya kumwogopa. Katika tamasha la sinema la Cannes mwaka ule ule picha hiyo ilipewa tuzo, na ilikuwa tuzo ya picha za mapenzi na za mambo ya nafsi. Wazee waliokaa kuihukumu hawakuona kwamba habari ya pochi ni ndogo mno.

Mimi nina kaka yangu, seremala wa Ndeeba, akaaye na mkewe na mtoto wao katika chumba kimoja, kile ambacho hapa Kampala huitwa muzigo. Mwaka jana walipoteza stakabadhi ya kodi ya miezi mitatu, na mwenye nyumba akadai alipwe tena. Kaka alisema mkewe ndiye aliyeiweka vibaya. Shemeji alisema hajapata kuiona. Kwa siku tatu walisemezana kwa kinywa cha mtoto. "Mwambie baba yako chakula kiko tayari." "Mwambie mama yako nimesikia." Mtoto yule alikuwa na umri wa miaka minne, naye aliifanya kazi yake ya utarishi kwa furaha kubwa, wakati mwingine akiongeza maneno yake mwenyewe. Stakabadhi ilionekana siku ya Jumapili katika mfuko wa koti la kuendea kanisani. Nilipomsimulia shemeji habari za Antoine na tikiti yake, hakucheka kama nilivyotazamia. Aliacha kuosha vyombo akaniuliza, "Na huyo mke, yeye alisema nini?" Hajaiona picha ile, hajui neno moja la Kifaransa, wala hajafika mbali kuliko Masaka, lakini aliuliza swali lenyewe ambalo picha nzima imejengwa juu yake.

Becker huyo, aliyezaliwa 1906 akafa 1960, alikuwa na kipaji cha kuzifanya hasira za nyumbani ziwe za kuchekesha bila ya kuzifanya ziwe za kipuuzi. Mwaka 1951 alitoa Édouard et Caroline, na karibu picha yote hupita katika jioni moja na katika nyumba mbili, moja ya kimaskini na moja ya kitajiri. Édouard ni mpiga piano asiye na jina. Caroline ametoka katika jamaa ya watu wakubwa, na mjomba wake amealika wageni wa maana ili wamsikilize Édouard, huenda wakamwinua. Lakini Édouard haoni kizibao cha mavazi yake ya jioni, naye hawezi kwenda mbele ya wakubwa bila kizibao. Anatoka kwenda kuazima. Huku nyuma Caroline anaona gauni lake limepitwa na wakati, anashika mkasi na kulikata lifanane na mtindo mpya. Édouard anarudi, anaona gauni limekatwa, na vita vinaanza.

Nani kati yetu hajui habari ya koti la kuazima? Kila mwaka, siku ya ngoma ya shule tunapoalikwa na wasichana wa shule jirani, mabweni yetu hugeuka soko la viatu na tai. Tena nyuma ya kizibao kile kuna jambo zito, nalo ni mume anayejua kwamba jamaa ya mkewe wanamdharau. Jambo hilo huku kwetu lajulikana sana na kila kijana aliyepata kupeleka posa katika nyumba iliyo juu kuliko kwao.

Kuna kitu kimoja katika picha hiyo ambacho sikukipenda, nami sitakificha ili kuipamba hoja yangu. Katika ugomvi wao Édouard anampiga Caroline kofi. Ukumbini petu baadhi ya wenzetu walishangilia kama watu walioona bao limefungwa. Caroline mwenyewe hashangilii. Anasema ndoa imekwisha na anataka talaka, na tangu hapo Édouard yuko mashakani, hana raha kwenye karamu wala kwenye piano. Kwa hiyo picha haikulichukua kofi lile kama jambo jepesi, lakini kwa maoni yangu bado imemsamehe mwanamume upesi mno. Tulizungumza habari hiyo mpaka taa za bweni zikazimwa, na wako waliosema maneno ambayo nisingependa dada zangu wayasikie. Lakini nauliza, ni picha gani ya mbio za magari iliyotufanya tuzungumze habari za kofi mpaka saa nne usiku?

Hapo nimefika kwenye kiini cha maneno yangu. Sisi ni wavulana watupu, na wengi wetu tumeishi katika shule za bweni tangu utoto. Mimi nina miaka 19. Miezi michache ijayo nitatoka nje ya lango hili, na itatazamiwa kwamba nijue namna ya kuzungumza na msichana, kumkosea na kumwomba radhi, na kujulishwa kwa wazazi wake bila kumwaga chai. Nani ametufundisha mambo hayo? Kasisi wetu amesema nasi habari za ndoa, na amesema vizuri, lakini amesema habari za ndoa iliyokwisha fungwa. Nyimbo tunazozisikia katika matatu (nawaambia wasomaji wa pwani kwamba hapa nasi twaita gari la abiria matatu) zinatufundisha kujisifu. Vipande vya video vinavyopitishwa kwa siri katika simu vinafundisha mambo ambayo siyaandiki katika gazeti la shule. Na picha za vita zinatufundisha kwamba msichana ni mtu anayeokolewa katika dakika ya mwisho, kisha hana neno la kusema. Katika picha hizi ndogo za Kifaransa ndimo nilimomwona kwa mara ya kwanza mwanamume mzima akiona haya mbele ya mkewe, na watu wakacheka, naye asipungukiwe uanaume wake hata kidogo.

Mwalimu mmoja, ambaye namheshimu, alisema kwamba shule ya misheni haifai kuonyesha picha za mapenzi. Kama ameziona, basi tumetazama vitu viwili tofauti. Mnamo 1954 Jean-Paul Le Chanois alitengeneza Papa, maman, la bonne et moi, yaani baba, mama, mtumishi na mimi. Robert, kijana anayekaa bado kwa wazazi wake, ampenda msichana jina lake Catherine. Wazazi wake ni wema lakini wana mambo yao, na Robert haoni njia ya kumpeleka nyumbani. Basi Catherine anaingia katika nyumba ile kama mtumishi wa kazi za ndani, na wazazi wanamzoea na kumpenda bila kujua kwamba ndiye mkwe wao. Mchezaji Louis de Funès, aliyekuja kupata jina kubwa sana katika miaka ya 1960, yumo humo kama jirani mwenye kelele. Jambo linalotafutwa katika picha nzima ni ruhusa ya wazazi. Sijui ni mafundisho gani ya misheni yanayovunjwa na kijana anayetafuta ruhusa ya wazazi wake! Picha hiyo iliwapendeza Wafaransa hata ikafuatwa na ya pili, wakati Robert na Catherine wamekwisha kuoana na nyumba imekuwa ndogo kwa watu wote hao, na hiyo nayo ni habari ambayo watu wa Ndeeba wangeweza kuwasimulia Wafaransa.

Wengine husema kwamba tatizo si mapenzi bali ni lugha. Hoja hiyo ina nguvu zaidi. Kusoma maandishi ya chini kwa Kiingereza huku unasikia Kifaransa, na moyoni unafikiri kwa Kiluganda au Kiacholi au Kiswahili, ni kazi kama ya kubeba maji kwa mikono miwili na mtungi kichwani. Lakini mji huu wa Kampala ndio mji usio na haki ya kulalamika juu ya lugha ya sinema. Katika vibanda vya video vya Katwe na Kisenyi na Kawempe hukaa mtu aitwaye vijei, mwenye kipaza sauti mkononi, naye huieleza picha ya Kimarekani au ya Kihindi au ya Kichina kwa Kiluganda, huwapa wachezaji majina ya mitaani, hutania, hukemea, na watu hulipa fedha zao kwa ajili yake yeye kuliko kwa ajili ya picha. Majina ya VJ Jingo na VJ Junior yajulikana na watoto wa shule za msingi. Wakaliga, hapa hapa Kampala, Isaac Nabwana alipotoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, sauti ya VJ Emmie ilikuwa nusu ya raha yake. Kenya wanaye DJ Afro, Tanzania walikuwa na Lufufu, na wote wawili walifanya kazi hiyo kwa Kiswahili. Wala jambo lenyewe si jipya. Serikali ya Kiingereza ilipoanzisha idara yake ya sinema kwa makoloni mwaka 1939, magari ya sinema yalizunguka vijijini, na kando ya pazia alisimama mtu wa kueleza kwa lugha ya wenyeji.

Kwa hiyo tulijaribu. Mwenzetu mmoja aliyezaliwa Bukavu, ambaye Kifaransa alikipata shuleni na Kiswahili alikipata nyumbani, alisimama kando ya pazia akatueleza Antoine et Antoinette tangu mwanzo mpaka mwisho. Ile treni ya Paris alituambia ni "treni ya chini kwa chini," na watu wakaelewa. Lakini alipofika mahali Antoine anapombusu mkewe, alisema Antoine anambusu "bibi yake." Huko Kongo bibi ni mke. Kwetu tuliofundishwa Kiswahili cha vitabu, bibi ni mama wa mama. Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, na yeye hakujua kwa nini. Akaendelea kusema bibi, bibi, na kila aliposema tulilala juu ya viti. Baadaye alipoambiwa alisema kwa utulivu kwamba sisi ndio tuliokosea lugha, si yeye. Sina la kumjibu, maana Kiswahili cha Kivu kina watu wengi na kina haki zake. Mama yangu ni mtu wa Mombasa, naye ana maoni makali kuhusu Kiswahili cha watu wengine wote, nikiwamo mimi, lakini nilipomsimulia kisa hiki alicheka mpaka akatoa machozi.

Lililo muhimu ni kwamba usiku ule hakuna aliyetoka kabla ya mwisho. Baraza la mawaziri la Uganda lilikubali mwezi wa Julai 2022 kwamba Kiswahili kifanywe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule. Vema. Lakini mtu hapendi lugha kwa sababu ya baraza la mawaziri. Huipenda kwa sababu alicheka ndani yake. Kama Chama cha Sinema kingekuwa na mwelezaji wa Kiswahili kila Jumamosi ya Kifaransa, lugha mbili zingefaidika kwa umeme wa usiku mmoja.

Iko hoja nyingine, nayo ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu aliyeitoa ni rafiki yangu na hakuitoa kwa mchezo. Alisema: mwaka ule ule wa 1947, Antoine alipokuwa akitafuta tikiti yake mjini Paris, watu wa Madagaska walioinuka kudai uhuru wao walikuwa wakiuawa na majeshi ya Ufaransa kwa maelfu. Huko Indochina vita vilikuwa vikiendelea, navyo viliendelea mpaka 1954. Algeria ilifuata mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1954. Je, umesikia katika picha zako tamu neno moja juu ya mambo hayo?

Katika picha nilizozitaja hapa sikulisikia. Huo ni ukweli, na yafaa mwelezaji wetu auseme mbele ya watu kabla taa hazijazimwa, kwa maneno machache na miaka yake. Lakini sioni kwamba dawa yake ni kuonyesha picha za Kimarekani za vita, ambazo zinasema habari za vita kwa muda wa saa mbili na kumficha mtu mweusi au mtu wa Asia kuliko hizi zinazonyamaza. Tena naona faida moja ambayo rafiki yangu hakuitaja. Babu zetu walionyeshwa Mzungu kama bwana mkubwa mwenye kofia, na sisi twaonyeshwa Mzungu kama shujaa mwenye bunduki. Antoine ni Mzungu asiye na kodi ya nyumba, anayemwogopa mwenye duka. Ni vizuri kumjua na huyo. Rafiki yangu hakukubali, na huenda ataandika jibu katika toleo lijalo, nami nitalisoma.

Labda mtauliza, kama picha hizi ni nzuri hivyo, kwa nini hazijulikani? Sababu moja ni kwamba vijana walizipiga vita huko huko kwao. Mwezi wa Januari 1954 François Truffaut, mwenye miaka 21 tu, aliandika makala katika gazeti la Cahiers du cinéma akiwashambulia wakubwa wa sinema ya Kifaransa wa siku zake. (Wale wanaosema kwamba gazeti la shule si mahali pa kijana kutoa maoni, na walikumbuke hilo.) Miaka michache baadaye yeye na wenzake wakaanza kutengeneza picha zao wenyewe, dunia ikawatazama wao, na nyingi za picha zilizowatangulia zikafunikwa. Lakini Truffaut hakuwa kipofu: katika makala ile ile aliwataja Becker na Jacques Tati miongoni mwa watu aliowaheshimu.

Na Tati amenipa hoja moja ambayo nilitaka kuitoa mkutanoni lakini muda ulikwisha. Katika Jour de fête, picha yake ya mwaka 1949, yuko tarishi wa kijiji, apelekaye barua kwa baiskeli. Siku ya sikukuu ya kijiji inakuja sinema ya kuhamahama, naye anatazama picha fupi juu ya matarishi wa Marekani na mwendo wao wa ajabu. Basi naye anataka kuwa kama wao. Anaruka juu ya baiskeli, anapiga mbio, anatupa barua mahali pasipo pake, na mwisho wake anaishia mtoni. Tati aliicheza na kuitengeneza habari hiyo kabla hatujazaliwa, sisi wala baba za wengi wetu. Nikimtazama mwenzangu wa Kidato cha Tatu anavyotembea baada ya picha ya Jumamosi, mabega juu, mkono kiunoni kama mwenye bastola, namwona yule tarishi.

Nawaomba na ninyi wazee wetu mliokwisha maliza shule hapa. Baadhi yenu mlikwenda Norman siku za Jumamosi, kabla jumba lile halijawa kanisa la Watoto, na mwajua wenyewe jinsi mji ulivyopoteza sinema zake, wenye sinema wengi wakiwa Wahindi waliofukuzwa mwaka 1972. Sisi hatuna jumba la sinema. Tuna ukumbi wa chakula, shuka mbili zilizoshonwa pamoja, na projekta inayopata moto. Kama mmoja wenu amekaa Paris au Brussels au Kinshasa, na ana picha za namna hii katika sanduku, atuandikie kwa anwani ya Mhariri. Picha za Becker tunazo tatu, moja ikiwa na mkwaruzo mahali pabaya sana. Za Le Chanois tunayo moja.

Jumamosi ya mwisho ya muhula huu tutaonyesha Le Soupirant ya mwaka 1962, iliyotengenezwa na kuchezwa na Pierre Étaix. Ni habari ya kijana anayesoma nyota katika chumba chake. Wazazi wake wanamwambia yafaa aoe, naye anatoka kwenda kutafuta mke kama mtu aliyetumwa sokoni. Anampenda mwimbaji aliyemwona katika televisheni, anajaza chumba kwa picha zake, na wakati huo wote katika nyumba yao yuko msichana wa Kiswidi ambaye hajui Kifaransa. Étaix aliwahi kumsaidia Tati katika kutengeneza Mon Oncle ya 1958, na kama Tati hakupenda maneno mengi, kwa hiyo ndugu yetu wa Bukavu atapumzika karibu usiku mzima. Kwa miaka mingi picha za Étaix hazikuweza kuonyeshwa popote kwa sababu ya ugomvi wa haki za mali. Zilirudishwa kwa watu mwaka 2010, mwenyewe akiwa bado hai, alifariki 2016. Watu wa Paris wenyewe, basi, walikaa muda mrefu bila ya kuiona picha tutakayoiona sisi bure katika ukumbi wa chakula.

Itaanza saa moja na nusu usiku, mara baada ya chakula. Wale waliotoa shauri la kuziondoa picha hizi nimewawekea viti katika safu ya pili, ambako shuka haionyeshi mshono. Umeme ukikatika, jenereta ya maktaba imekwisha kuombwa.